Sufuria Tupu Chini ya Bomba

Maji yenye ahadi hayakeshewi. Mmemsikia mama yenu akimwambia hivyo baba yenu mdogo, aliyekuwa akitoka na kuingia, akichungulia njia kumsubiri fundi wa paa aliyesema atafika saa nne. Mmecheka, kisha mkauliza: maji gani hayo, na nani aliyeyatolea ahadi? Basi kaeni vizuri, na huyo mdogo apewe nafasi karibu na jiko. Chanzo cha msemo huu ni hiki.

Ulianza na sauti ndogo. Ti. Kisha kimya. Ti. Tone la maji kwenye sufuria tupu, kabla hakujapambazuka, katika nyumba ya muuguzi mmoja aliyeitwa Yusta.

Yusta alikuwa na usingizi mwepesi kama wa mama anayenyonyesha, ingawa wanawe walikuwa wamekwisha kuoa na kuolewa. Tone la pili lilimkuta miguu iko sakafuni. Alijifunga kanga juu ya sweta, akaenda jikoni akipapasa ukuta, akaondoa sufuria na kuweka ndoo. Maji yalikuja membamba kama uzi wa kushonea. Akasimama pale akiyatazama, kwa sababu ukiyapa mgongo maji ya namna hiyo unaona kama yatakata.

Mji huo uko nyanda za juu, kwenye baridi, na umejengwa kwenye mteremko wa mlima. Sehemu ya chini inaitwa Bondeni na sehemu ya juu inaitwa Mwinuko. Maji yalikuwa ya mgao. Yalikuja kila siku kwa muda mfupi, ila hakuna aliyejua saa. Leo yalikuja watu wakiwa kwenye ndoto ya kwanza, kesho yalikuja mchana wakiwa shambani, keshokutwa yalikuja alfajiri.

Kwa hiyo watu wa Bondeni walijiwekea desturi. Jioni, kabla ya kulala, mama wa nyumba alifungua bomba mpaka mwisho, ingawa halikutoa kitu, kisha akaweka chini yake sufuria tupu. Ndoo ya plastiki haikufaa, maana haina sauti. Ilitakiwa sufuria nyembamba, ile inayolia hata ikiguswa na ukucha. Binti akiolewa Bondeni, shangazi zake walimpa sufuria moja isiyopikiwa kitu, wakaiita sufuria ya kuamshia. Wakamwambia, "Mume anaweza kukudanganya. Hii haitakudanganya." Ndivyo mji mzima ulivyolala, sikio moja kwenye mto na jingine jikoni.

Yusta alikuwa mkunga katika zahanati ya Mwinuko, juu kabisa, ambako maji hayakufika tena. Bomba la wodi ya wazazi lilikuwa kavu, na tangi lililo nyuma ya jengo ukiligonga liliitika kama ngoma. Kila mama aliyejifungulia pale alioshewa mtoto kwa maji yaliyopandishwa mlima kwa vichwa. Jirani mmoja alileta ndoo, mwingine dumu, mwingine birika la moto lililofunikwa kwa kitambaa lisipoe. Yusta mwenyewe hakupanda mlima ule mikono mitupu hata siku moja.

Lakini wema wa ndoo una mwisho wake. Afisa afya wa manispaa alikuja, akafungua bomba la wodi, likatoa upepo. Hakuwa mtu mkali. Alisema kwa upole kabisa kwamba wodi ya kuzalishia haiwezi kuendeshwa kwa maji ya kubeba, kwamba siku moja mama atavuja damu wakati ndoo zimeisha, na kwamba angerudi Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Akikuta bomba bado kavu, wodi itafungwa, na wazazi wote watakwenda hospitali iliyo ng'ambo ya mto.

Yusta aliposikia hayo alimfikiria Sekela. Sekela alikuwa mke wa fundi baiskeli wa Mwinuko, na mimba yake ilikuwa imekwisha kushuka. Mtoto wake wa kwanza, kabla wodi haijajengwa, alizaliwa kwenye njia ya kwenda ng'ambo ya mto, kando ya pikipiki, mvua ikinyesha. Hakulia hata mara moja. Tangu hapo Sekela alipokutana na Yusta alikuwa hamwamkii kama watu wengine. Alimshika mkono tu na kuuliza, "Bado mko wazi?" Na Yusta alimjibu, "Bado tuko wazi, mwanangu."

Sasa turudi kwenye alfajiri ile. Ndoo ilipojaa, Yusta aliiweka nyingine, akaacha bomba lijaze lenyewe, akajitwika ile iliyojaa na kutoka. Barabarani alimkuta mtu amepiga magoti katikati ya njia, ameegemeza sikio kwenye chuma kirefu kilichochomekwa ardhini.

"Shikamoo, mama," mtu yule alisema bila kuinuka.

"Marahaba. Umeangusha nini?"

"Maji," alisema.

Alikuwa Injinia Kaduma wa idara ya maji, aliyehamia mjini miezi michache tu kabla ya hapo. Kijana mwenye viatu vya matope na macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimweleza Yusta shida yake. Maji yanayotoka kwenye tangi kuu yanatosha, Bondeni na Mwinuko pia. Yakiingia kwenye bomba kubwa la mtaa huu, yanapotea. Alikwisha kuchimba barabara mahali pengi akitafuta palipopasuka, mpaka watu wakamwita Injinia Fuko.

"Yanapotelea hapahapa, chini yetu," alisema. "Tafadhali nyamaza kidogo nisikilize."

Wakanyamaza wote wawili. Na katika ukimya ule, Yusta alisikia kitu alichokuwa akikisikia maisha yake yote, ila hakuwahi kukisikiliza. Ti, ti, kwenye nyumba ya kulia. Tiii, kwenye nyumba ya kushoto. Mbele kidogo karai, halafu sinia, halafu sufuria nyingine, mtaa mzima ukilia kama maduka ya wafua bati. Katika nyumba nyingine sauti ilikuwa imekwisha kubadilika, maji yalikuwa yakimwagika juu ya maji. Chini ya geti la Mama Subilaga, muuza vitumbua, kijito kilikuwa kikitoka taratibu na kuingia mtaroni, na kutoka dirishani ulisikika mkoromo wa mtu aliyechoka kukesha, akapitiwa.

Injinia Kaduma alisimama. Alitazama kijito, akatazama nyumba, kisha akacheka kidogo, na kicheko kikamfia mdomoni.

"Mama," alisema, "bomba langu halijapasuka. Bomba langu ni zima. Limefunguliwa kwenye kila jiko."

Yusta alikuwa na ndoo kichwani na shingo ilimuuma. Alikuwa akifikiria jikoni kwake, mahali ambapo wakati ule ule bomba lilikuwa wazi mpaka mwisho. Maji yakifunguliwa yanakuta matundu yote ya Bondeni yako wazi, yanashuka kila mahali kwa mara moja, na hakuna nguvu inayobaki ya kuyasukuma kupanda. Miezi yote ile alikuwa akibeba ndoo moja kupeleka juu, na nyuma yake jiko lake likiyavuta chini yale ambayo yangepanda yenyewe.

"Nitawakatia," Injinia alisema. "Kila nyumba itakayokutwa na bomba wazi usiku, nakata."

"Na mimi uanze na kwangu," Yusta akasema. "Lakini nisikilize, baba. Atakayefunga bomba lake akalala, maji yakija hatajua. Atafunga nani? Sisi hatupendi kukesha. Tunakesha kwa sababu hatujui saa. Saa ya maji anaijua nani?"

Injinia alikuna kichwa. "Mzee Lwitiko," alisema.

Mzee Lwitiko ndiye aliyekuwa mfungua maji. Ufunguo mkubwa wa koki, wenye umbo la msalaba, ulikuwa mikononi mwake tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Hakuna aliyependwa mjini kama yeye. Alikuwa mjane, na hakuwa na mtoto aliyekaa karibu, lakini nyumba yake haikukosa watu. Asubuhi ile ile Yusta na Injinia walipofika kwake, walikuta wageni wengine wamewatangulia kibarazani, na bakuli la viazi vya moto lililoletwa na mmoja wao.

Walimuuliza kwa heshima: kwa nini maji hayana saa?

Mzee aliona ajabu kuulizwa. "Saa?" alisema. "Saa itajuaje nani ana shida? Juzi kwa Mwakalinga kulikuwa na msiba, nikawafungulia kwanza, usiku. Ningewaacha waoshe maiti kwa nini? Jana kulikuwa na mgonjwa upande wa sokoni. Huyu mama mnayemwona ana ubatizo. Mimi ninafungua pale penye haja, mwanangu. Siku zote nimefanya hivyo. Sijawahi kupokea kitu cha mtu."

"Tunajua," Yusta alisema.

"Viazi hivi ni vya kula pamoja. Karibuni."

Na ilikuwa kweli, hakuwa mtu wa hongo hata kidogo. Injinia alikuja akiwa na maneno makali, akaketi, akala kiazi, maneno yakamkauka. Unamkaripiaje mtu kwa kuwa na huruma? Ni Yusta aliyevuta kigoda karibu na mzee na kuzungumza naye polepole, kama anavyozungumza na mama aliye kwenye uchungu wa kwanza. Alimweleza juu ya sufuria, na kijito cha mtaroni, na bomba la wodi. Kila mara mzee alipobadilisha saa kwa ajili ya mmoja, wengine wote walizidi kuacha mabomba wazi, wasije wakapitwa. Na aliyepitwa kila siku ni yule wa juu kabisa, ambaye hana nguvu ya kushuka mpaka kibarazani hapa kuomba.

"Sekela hajawahi kuja kwako, mzee wangu," alisema. "Siyo kwamba hana haja."

Mzee Lwitiko aliiweka chini nusu ya kiazi chake. Hakukimaliza.

Jumapili hiyo, baada ya ibada, watu waliitwa kwenye uwanja wa zahanati. Walikuja wengi, maana habari ya maji haipuuzwi na mtu. Injinia Kaduma alieleza. Yusta naye akaeleza. Kisha akaomba jambo lenyewe: watu wafunge mabomba yao jioni, walale.

Mama Subilaga akainuka, mikono kiunoni.

"Nifunge bomba, nilale?" aliuliza. "Sista, wewe umetuzalisha karibu sote hapa, heshima yako iko palepale. Lakini hebu niambie. Umewahi kumwona mtu wa mji huu aliyelala akapata maji?"

Watu wakacheka.

"Sijawahi," Yusta alikubali.

"Haya! Na sufuria yako ya kuamshia umeitupa?"

"Ipo. Juzi alfajiri ilikuwa jikoni, bomba liko wazi, na mimi niko njiani na ndoo kichwani naleta maji hapa. Niliyoyaleta ni ndoo moja, Mama Subilaga. Niliyoyazuia yasipande sijui ni kiasi gani. Ninaona aibu kusema, lakini ndivyo ilivyo."

Vicheko vilipungua. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Injinia aliyepita naye alituahidi!"

"Aliwaahidi nini?" Kaduma akauliza.

"Maji mengi!"

"Mimi siwaahidi maji mengi," Kaduma alisema. "Maji ni yaleyale. Ninawaahidi saa. Saa kumi na moja alfajiri koki itafunguliwa, masika na kiangazi, kwa tajiri na kwa maskini. Siku ambayo pampu imekataa, gari litapita na kipaza sauti jioni, kabla hamjalala, liwaambie msiamke. Sitawaacha mkisubiri kitu kisichokuja."

"Maneno matamu kama asali ya kuonjeshwa," Mama Subilaga alisema, ila aliketi.

Hapo ndipo Mzee Lwitiko alipozungumza kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameishika kofia yake kwa mikono yote miwili. "Na mwenye msiba je?" aliuliza. "Akija kwangu usiku nimwambie asubiri saa?"

Swali lilikuwa zito, maana kila mmoja pale alikwisha kufika kibarazani kwa mzee siku ya machozi, na hakurudishwa.

Jibu lilitoka kwenye benchi la wajawazito. Ni Sekela, na hakusimama kwa kuwa kusimama kulikuwa kazi. "Mwenye msiba tutampelekea kwa ndoo," alisema. "Mbona unga tunampelekea? Kuni tunampelekea. Kila nyumba ikiwa na akiba, nani atashindwa kutoa ndoo moja?"

Mzee Lwitiko alimtazama, kisha akatikisa kichwa kukubali, polepole.

Msidhani mambo yalinyooka siku hiyo hiyo. Jioni ile wengi walifunga mabomba kwa mdomo tu, mikono ikaacha wazi. Hata hivyo, wachache waliofunga kwa kweli walitosha kubadili kitu. Saa kumi na moja koki ilifunguliwa, na kule juu bomba la wodi likakohoa. Likatema upepo, likatema kutu, kisha tone moja jekundu, likanyamaza. Mlinzi wa zahanati alishuka Bondeni akikimbia kutangaza lile tone kana kwamba ameona mwezi wa Idi. Kesho yake waliofunga waliongezeka. Maana walikuwa wameona jambo la pili: maji yalikuwa yamekuja saa ileile iliyoahidiwa.

Halafu kukaja harusi. Mzee Mbwilo alikuwa akioza kijana wake wa mwisho, na alikuwa rafiki wa Mzee Lwitiko tangu utoto, walichunga ng'ombe pamoja. Alifika kibarazani jioni, Yusta naye akiwa amepita kusalimia.

"Ndugu yangu," Mbwilo alisema, "usiku huu nifungulie kidogo tu. Wapishi wanaanza saa nane."

"Siwezi."

"Huwezi? Koki imekatika?"

"Koki ni nzima. Mimi ndiye siwezi."

Mbwilo alimtazama kama anayemtazama mgeni. "Umekuwa serikali siku hizi?"

Yusta alitaka kumsaidia Mzee Lwitiko kusema, akajizuia. Mzee aliinuka, akaingia ndani. Waliposikia vishindo walidhani amekwenda kulala kwa hasira. Akarudi na ndoo mbili za maji, akiba yake yote, moja mkono huu na nyingine mkono huu, akatangulia njiani.

"Twende," alisema. "Harusi ni yangu pia."

Watu waliokuwa nje walipomwona mzee yule amebeba ndoo, maji yakimrukia kwenye suruali, hawakuuliza. Kila mmoja aliingia kwake akatoka na chake. Mama Subilaga alibeba dumu huku akilalamika njia nzima kwamba hata kadi ya mwaliko hakupewa, na Mzee Mbwilo akambembeleza kwamba atakaa meza ya mbele. Kufika giza nene, mapipa ya wapishi yalikuwa yamejaa. Bomba la nyumba ile halikufunguliwa hata kidogo.

Ikafika Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na uchungu wa Sekela ukaja nayo. Mumewe alikuja kumgongea Yusta kabla ya saa kumi. Yusta alivaa haraka. Kisha akasimama jikoni.

Bomba lilikuwa limefungwa, na ndoo zilikuwa tupu. Jioni aliyatumia maji yake yote kufulia mashuka ya wodi, kwa kuwa afisa angekuja. Mkono wake ukaenda kwenye bomba wenyewe. Angelifungua kidogo tu. Angeweka sufuria, angesubiri kidogo, labda leo yangewahi. Angepata walau ndoo moja ya Sekela. Kule juu bomba lilikuwa bado halijatoa zaidi ya matone. Kama maji hayatapanda leo, atamwosha mtoto kwa nini? Aliwaza njia ile ya ng'ambo ya mto, na mvua.

Halafu akawaza kwamba katika majiko yote ya Bondeni, saa ile, huenda kulikuwa na mkono juu ya bomba kama wake, na kila mkono ukisema: mimi tu, na kidogo tu. Aliondoa mkono. Akatoka na kupanda mlima mikono mitupu, kwa mara ya kwanza, na mikono ile mitupu ilimwia mizito kuliko ndoo.

Njia nzima alisikiliza. Hakusikia sufuria hata moja. Mtaa ulikuwa kimya kabisa, kimya cha watu waliolala.

Wodini Sekela alikuwa ameushika ukingo wa kitanda. Hakuuliza swali lake la siku zote. Alilitazama bomba, akamtazama Yusta.

"Yatakuja?" alisema.

"Sijui, mwanangu," Yusta alisema, kwa sababu hakuwa mwongo. "Saa yake haijafika. Pumua."

Walipumua pamoja. Nje upepo ulivuma kwenye mikaratusi. Kisha bomba likakohoa, kama lilivyokohoa siku ile. Likatema upepo mrefu. Likanyamaza, na Yusta akafumba macho. Halafu maji yakaja. Yalianza mekundu, yakawa ya maziwa, yakawa safi, yakapiga sinki kwa nguvu mpaka yakamrukia usoni, na nyuma ya jengo tangi likaanza kuguna kama mtu anayeamka. Sekela alicheka katikati ya uchungu, na kicheko hicho hicho kikageuka kuwa kusukuma.

Mtoto alikuwa wa kike. Huyu alilia. Alilia mpaka mumewe Sekela, aliyekuwa nje, naye akalia.

Afisa afya alipofika alifungua bomba, akanawa mikono, akatafuta kitambaa cha kujifutia, akampongeza mama. Wodi ikabaki wazi. Alipokuwa akishuka Bondeni jua likiwa limekwisha kutoka, alipita nyumbani kwa Mama Subilaga kununua vitumbua, akakuta mlango ndiyo kwanza unafunguliwa, na mama mwenyewe akipiga miayo ya usingizi mtamu.

"Mama, mpaka saa hizi?" afisa alimtania. "Nilisikia watu wa Bondeni mnakesha kwa ajili ya maji."

Mama Subilaga alimwonyesha mapipa yake kwa kidole. Yalikuwa yamejaa, na bomba limefungwa. "Tulikuwa tukikeshea maji yasiyo na adabu," alisema. "Haya yana saa yao. Naamka yakifika, nakinga, nafunga, narudi kitandani. Maji yenye ahadi hayakeshewi, baba."

Waliokuwa kwenye foleni ya vitumbua wakalicheka neno hilo, wakaenda nalo sokoni. Kutoka sokoni likaenda stendi. Mwanamke aliyemwamini mumewe akalisema, na mwanamume aliyekuwa na fundi mkweli akalisema. Likasafiri mpaka kwa watu wasiowahi kusikia juu ya Bondeni wala Mwinuko.

Lakini haijaisha, msiinuke. Kuna mtu mmoja tumemwacha.

Mgao ulipopata saa yake, hakuna aliyekuwa na sababu ya kwenda kwa Mzee Lwitiko. Alfajiri alifungua koki, akafunga, akarudi kwake, akaketi kibarazani. Watu walimsalimia kwa mbali wakipita. Walimpenda vilevile, ila hawakuwa na haja naye, na watu, wajukuu zangu, wakikosa haja husahau njia. Benchi lake likaota vumbi. Nani aliliona hilo? Ni Yusta, aliyezoea kuona mtu ananyamaza vipi anapoumia.

Alikwenda jioni moja na chupa ya uji wa ulezi. Waliunywa taratibu. Yusta alimpa habari za binti wa Sekela, kwamba ameota jino, kwamba ameanza kuuma. Mzee alicheka sana kwa jambo dogo, kama mtu ambaye hakucheka kwa muda mrefu. Jua lilipozama Yusta aliinuka, akakunja kanga yake.

"Sista," mzee alisema. Alisita, maana alikuwa amezoea kuombwa, hakuzoea kuomba. "Utakuja tena? Hata kama huna shida ya maji?"

"Nitakuja. Jumapili, tukitoka kanisani. Na Sekela nitamleta, na huyo mwenye jino."

"Jumapili." Alilirudia neno hilo polepole. "Basi nitakaa hapa mlangoni tangu asubuhi, nisije nikawakosa."

Yusta alimshika mkono, kama Sekela alivyokuwa akimshika yeye.

"Usikae mlangoni, mzee wangu. Kuna baridi. Lala mpaka utakapochoka, fanya shughuli zako. Maji yenye ahadi hayakeshewi."